Mita mbili kutoka katikati ya kichochoro

Kazi yangu ni mipango miji, na kazi hiyo imeniharibia matembezi. Watu wakifika mji wa ugeni hutazama minara. Mimi natazama mfereji, ukingo wa njia na bikoni, zile alama za wapimaji za mipaka ya viwanja. Unaweza kunisimulia habari nzito barabarani, nami nikawa naitikia "naam, naam" huku nahesabu kwa hatua kama njia inafika mita sita. Nyumbani wamekwisha kunizoea. Lakini sijaona mtaa ulioilipa tabia hiyo kama Yanaka, mtaa mkongwe wa Tokyo ulio nyuma ya bustani ya Ueno, katika wilaya ya Taito.

Tulikuwa Japani mwezi wa Agosti kwa mafunzo ya watumishi wa serikali za mitaa, kundi la watu wa nchi mbalimbali. Ratiba ilijaa mambo makubwa: reli za chini ya ardhi, mitambo ya kuchoma taka, kuta za kuzuia mafuriko. Yote ya kuvutia, ila ukirudi Tanga huna pa kuyaweka. Jumamosi ilipokuwa huru, mimi na dada mmoja wa Unguja, ambaye kazi yake ni kukagua majengo ya Mji Mkongwe, tukakubaliana twende mahali penye nyumba ambazo mtu akisimama mlangoni anaweza kuzungumza na aliye dirishani juu. Mkufunzi wetu mmoja akatutajia Yanaka. "Nendeni kwa miguu, na msiwe na haraka," ndiyo maelekezo yote aliyotupa.

Ukitoka stesheni ya Nippori kwa mlango wa magharibi, wengi hunyoosha mbele kuelekea Yuyake Dandan, ngazi maarufu zinazoteremkia mtaa wa maduka wa Yanaka Ginza. Waache waende. Kushoto kuna ngazi nyingine zinazopanda makaburini, na huko ndiko kwa kuanzia. Mwenzangu aliuliza kama hakuna njia nyingine, maana mtu wa pwani haendi makaburini kutembea. Akaacha kuuliza alipoona wenyeji wanavyopita: mama na mfuko wa mboga kwenye baiskeli, mzee na mbwa wake, watoto wawili wenye nyavu za kukamatia nyenze. Nyenze wenyewe walikuwa wakipiga kelele kiasi cha kutulazimisha kupaza sauti. Nilikuwa nimeahidiwa mtaa wa kimya, na hiki ndicho kimya cha Agosti.

Makaburi hayo yana ukubwa wa kama hekta 10, na yalifanywa ya umma mwaka 1874 kwa ardhi iliyokuwa ya hekalu la Tennoji. Tokugawa Yoshinobu, shoguni (mtawala wa kijeshi) wa mwisho wa Japani, aliyefariki 1913, amezikwa upande huu, kaburi lake likiwa kichuguu cha mviringo ndani ya uzio. Shibusawa Eiichi naye yuko hapa, yule ambaye sura yake imewekwa kwenye noti ya yeni 10,000 tangu 2024. Tulitoa noti tukalinganisha jina na maandishi ya jiwe, herufi kwa herufi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kusoma kanji, maandishi ya Kijapani yenye asili ya Kichina. Sijui aliyekuwa akipita alituonaje.

Kilichonisimamisha zaidi ni kiwanja kitupu kando ya kituo kidogo cha polisi, katikati ya njia ya miti ya micheri. Kuna mawe ya msingi yamepangwa ardhini, basi. Hapo palikuwa na mnara wa mbao wa ghorofa tano, wenye kimo cha mita 34. Uliungua mara ya kwanza mwaka 1772, ukajengwa upya 1791. Ukapita salama katika vita vya Ueno vya 1868, ambavyo viliteketeza majengo mengi ya hekalu lenyewe la Tennoji. Ukasimama wakati wa tetemeko la ardhi la Septemba 1923, ambalo pamoja na mioto yake liliua watu zaidi ya laki moja katika jiji na mikoa jirani. Ukasalimika mabomu ya 1945. Kisha Julai 1957 wapendanao wawili waliamua kufa pamoja humo ndani, wakauchoma moto. Umetoka katika vita mbili na tetemeko, ukaishia mikononi mwa watu wawili wenye huzuni zao.

Dada alikuwa na swali la watu wa uhifadhi: kwa nini hapa na si kwingine? Jibu linaanza na moto mwingine, ule wa 1657, ulioteketeza sehemu kubwa ya Edo, mji ambao baadaye ukaitwa Tokyo. Baada ya moto ule watawala waliyahamisha mahekalu mengi kutoka katikati ya mji hadi pembezoni, na Yanaka ilikuwa pembezoni. Ndiyo maana mpaka leo mtaa huu mdogo una mahekalu zaidi ya sabini. Hekalu lina uwanja, miti na makaburi, na moto ukifika penye uwanja na makaburi hukosa cha kula. Mwaka 1923 sehemu kubwa ya mtaa ikabaki. Mwaka 1945 mabomu yaligusa baadhi ya vipande vyake, lakini sehemu kubwa ikabaki tena. Kuna bahati ndani yake, sikatai. Ila bahati nayo ilipangwa kwenye mchoro miaka mia mbili na zaidi kabla ya kuhitajika, na mtu wa mipango miji akisikia hivyo hujisikia vizuri kidogo.

Tukatoka makaburini tukaingia vichochoroni.

Ramani ya simu haikufai sana huku. Inakuonyesha njia, lakini anwani za Kijapani hazifuati majina ya barabara. Zinafuata vitalu na namba. Yanaka imegawanywa sehemu saba, kila sehemu ina vitalu, kila kitalu kina nyumba zake. Barabara nyingi hazina jina kabisa. Kwa hiyo huwezi kusema "nafuata barabara fulani". Unasema niko sehemu ya tano, kitalu fulani, na kibao kidogo kwenye nguzo au ukuta ndicho kinachokuambia. Ukishaelewa hivyo unaacha kutafuta mstari na unaanza kutazama ukuta. Kuna kona moja yenye ukuta wa hekalu la Kannonji, urefu wake karibu mita 38, umejengwa kwa tabaka za udongo na vigae vya paa vilivyolazwa. Mwenzangu aliuzunguka ule ukuta kwa heshima zote, akainama kutazama msingi, akainuka. "Unyevu unapandia chini," akasema. "Kila mahali ugonjwa ni ule ule."

Vichochoro vyenyewe vingine vina upana wa mita mbili, vingine havifiki. Baiskeli mbili zikikutana, mmoja husimama. Pembeni kuna mfereji mwembamba uliofunikwa kwa vibao vya zege, na kwenye pembe za viwanja kuna vijiwe au visahani vya chuma vyenye mshale mwekundu au alama ya kujumlisha. Hizo ndizo bikoni zao, na ziko kila mahali, safi, zinasomeka. Nilisikia wivu wa kikazi. Nimekwisha kukaa asubuhi nzima na fundi wapimaji tukichimba shamba la muhogo kutafuta bikoni moja ambayo ramani inaapa ipo.

Kwa kuzifuata bikoni hizo nikaanza kuona jambo. Nyumba kongwe za mbao zimekaa ukingoni kabisa, ukuta unagusa mfereji. Nyumba mpya zimerudi nyuma hatua moja au moja na nusu, na mbele yake pamebaki kipande cha lami kisicho na kazi. Ukisimama mwanzo wa kichochoro ukatazama hadi mwisho, ile safu ni kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza: moja limetokeza, la pili halipo, la tatu ndiyo linaota.

Jumatatu yake nilimuuliza mkufunzi, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya nirudi tena Yanaka nikaangalie upya. Sheria ya viwango vya ujenzi ya mwaka 1950 inataka njia iliyopakana na nyumba iwe na upana wa mita 4 au zaidi, na kiwanja kiguse njia hiyo kwa mita 2 au zaidi. Miji ya zamani haikuwa na njia za namna hiyo. Basi sheria ikaacha mlango: kichochoro kilichokuwa na nyumba tayari kinaweza kuhesabiwa kuwa barabara hata kikiwa chembamba, ila siku mwenye nyumba atakapojenga upya, apime mita 2 kutoka katikati ya njia, ajenge nyuma ya hapo. Jirani wa ng'ambo naye siku yake ikifika atafanya vivyo hivyo. Wote wakishajenga upya, njia imefika mita 4. Ile ardhi iliyoachwa inabaki kwenye hati ya mwenyewe, lakini hawezi kuinua ukuta juu yake.

Mtu aliyezoea alama ya X nyekundu lazima akae chini alifikirie hilo. Kwetu, barabara ikitakiwa kupanuka, mtaa mzima huamka siku moja na X ukutani, na kuanzia hapo ni vikao, tathmini, fidia, na kesi za nani alimkuta mwenzake: nyumba au hifadhi ya barabara. Yanaka hakuna aliyepaka rangi. Sheria imekaa tangu 1950 inasubiri kila nyumba izeeke kwa wakati wake.

Nilimweleza dada nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Yeye hakufurahi.

"Kaka, wewe unaona barabara inapanuka. Mimi naona kichochoro kinakufa, tena kwa awamu."

Tulibishana kichochoro hadi kichochoro. Hoja yake ilikuwa kwamba upana ndio unaofanya mtaa kuwa mtaa. Njia ya mita mbili gari haliingii, na gari lisipoingia watoto wanakaa chini, mwanamke anatoa kiti, chungu cha maua kinakaa nje. Ukiifikisha mita nne, kitakachokuja kwanza ni gari la kuleta mizigo na cha pili ni mtu wa kuegesha. Hoja yangu mimi ilikuwa moto. Nyumba za mbao, zimegusana, na gari la zimamoto haliwezi kupinda kona. Januari 1995 tetemeko lilipopiga Kobe, mitaa ya namna hii ndiyo iliyoteketea vibaya, hasa eneo la Nagata. Ukilikumbuka hilo huwezi kuizungumzia mita nne kama urasimu mtupu.

Tuliposhuka zaidi tukakuta jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitegemea. Kuna nyumba zilizobanwa nyuma ya nyingine, zinazofikiwa kwa ujia wa mtu mmoja. Kiwanja hakigusi barabara kwa mita 2. Hizo kwa kawaida haziruhusiwi kujengwa upya kabisa. Zinaweza kukarabatiwa tu. Kwa hiyo mwenye nyumba anaziba bati hapa, anabadilisha nguzo pale, anapaka rangi, miaka inakwenda. Hata yule wa ukingoni anapiga hesabu: kiwanja cha upana wa mita 6 kikirudi nyuma mita moja, amepoteza mita za mraba 6, na katika jiji ambalo chumba kizima kinaweza kuwa na mita 10 hiyo si hasara ndogo. Bora kukarabati. Sehemu ya uzuri wa kale ambao watalii wanaupiga picha Yanaka ni watu waliokataa kupoteza mita sita. Dada aliposikia hesabu hiyo alicheka peke yake kwa muda mrefu, akasema Unguja pia anawajua watu wa hesabu hizo, tofauti ni kwamba wao wanaongeza ghorofa usiku.

Sasa kuhusu kimya. Nilidhani kimya cha mtaa kama huu ni kitu kilichobaki tu, kwamba kelele za jiji bado hazijafika. Ukitembea polepole unaona watu wanakifanyia kazi. Asubuhi kila mlango una mtu na ufagio, na anafagia mbele ya nyumba yake na kidogo mbele ya jirani, hapiti sana asije akaonekana anamsema jirani kwa uchafu. Taka zinatolewa kwa siku maalumu kabla ya saa 2 asubuhi, zinawekwa mahali pamoja chini ya wavu ili kunguru wasizipasue. Mtu wa zamu anakunja wavu gari likishapita. Mapipa ya taka ya umma hayapo. Kikombe chako ulichonunulia chai utatembea nacho hadi hotelini, na hakuna atakayekuhurumia. Kila baada ya nyumba kadhaa kuna kisanduku chekundu chenye kizima moto. Katika vichochoro vingine kuna pampu ya mkono ya kisima, ya kutumika maji ya bomba yakikatika siku ya tetemeko. Vyungu vya maua vimepangwa ukingoni mwa njia, vingine ni ndoo na masanduku ya samaki yaliyotobolewa chini, na kila kimoja kina mtu anayekijua.

Mchana mmoja mama mtu mzima alikuwa akimwagia maji njiani mbele ya mlango wake, kupoza lami. Alipotuona aligeuza mpira wa maji, akatuinamia kichwa, tukainama. Nikasema salamu yangu moja ya Kijapani. Akasema mengi. Nikatoa simu itafsiri, na ikatoka sentensi kwamba "joto leo ni la heshima", au kitu cha aina hiyo. Mwenzangu, ambaye hana subira na simu, akaonyesha vyungu na kuvisifia kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya kumsifia mtu mtoto wake. Mama akaelewa mara moja. Akatushika kutuonyesha kimoja baada ya kingine, maua ya buluu yanayochanua asubuhi, mpilipili, mnanaa. Kisha, kwa adabu kabisa, akaweka kidole mdomoni na kuonyesha dirisha la juu la nyumba ya pili. Kuna mtu amelala. Tukashusha sauti, naye akaendelea kutuonyesha mimea kwa kunong'ona. Kuta ni za mbao, njia ni mita mbili. Ukicheka kwa nguvu unacheka ndani ya chumba cha mtu. Tangu hapo tulizungumza kwa sauti ya msikitini, na haikutugharimu chochote. Sanduku la safari lenye magurudumu, kwa maoni yangu, lisingeruhusiwa kabisa kuingia vichochoro hivi.

Njia iliyonifurahisha kuliko zote inaitwa Hebi-michi, njia ya nyoka. Inapinda na kupinda bila sababu unayoiona, mpaka ujue kwamba chini yake kuna mto. Mto Aizome ulifunikwa karne iliyopita, na njia ikabaki kufuata mkondo wake. Mpaka wa wilaya mbili nao ukabaki hapo hapo: nyumba za upande mmoja ni za Taito, za upande wa pili ni za Bunkyo. Nilitembea nikiwa na mguu mmoja kila wilaya, kama mtoto. Mto haupo machoni, lakini bado unaamua mtu atalipia wapi kodi zake na gari lipi litamchukulia taka. Kwa wanaotunga sheria za kuchimba na kufukia mito bila kuuliza, ningewapeleka pale bila kuwaambia kitu.

Ukichoka kutazama chini, jumba la makumbusho la mchongaji Asakura Fumio linakufundisha kutazama juu. Aliijenga nyumba yake mwaka 1935: karakana ya zege mbele, makazi ya mbao nyuma, na katikati bwawa lenye mawe. Unavua viatu, na lazima uwe na soksi. Paka wake wa shaba wamejaa chumba kizima. Lakini kilichonivutia ni bustani iliyo juu ya paa, ambako wanafunzi wake walitakiwa kulima mboga na maua. Uchongaji kwake ulianzia kwenye jembe: mtu asiyejua mmea unavyokua atauchongaje mwili? Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahekalu yote. Jumatatu na Alhamisi pamefungwa, usijisumbue.

Katika hekalu la Zensho-an, kwenye mteremko wa Sansaki, Agosti ndiyo mwezi wa kuonyesha michoro ya mizimu iliyokusanywa na Sanyutei Encho, msimulia hadithi maarufu aliyefariki 1900. Mizimu haina miguu. Nguo inaishia hewani. Dada aliingia, akatoka mapema kuliko mimi.

Yanaka Ginza, ule mtaa wa maduka, una urefu wa mita 170 hivi na maduka kama 60, na nisingeusema sana. Umejaa watu, wengi wetu wageni. Ushauri wa mezani: zile keki za nyama ya kusaga za kukaangwa zinazoitwa menchi-katsu mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo uliza kwanza. Sisi tulinunua mochi, kitafunwa cha mchele uliopondwa, ya maharage na chai baridi, tukala tumesimama mbele ya duka kama vibao vinavyoomba, maana kula huku unatembea katikati ya watu hawakupendi.

Nilipenda zaidi majengo yaliyobadilishwa kazi bila kubadilishwa uso. Bafu la umma lililoanzishwa 1787 likawa mwaka 1993 ukumbi wa sanaa za kisasa, SCAI The Bathhouse, na paa lake la vigae liko vile vile. Kayaba, mkahawa wa kona, uko kwenye nyumba ya 1916. Hagiso ilikuwa nyumba ya kupanga ya mbao ya mwaka 1955 iliyokuwa ibomolewe; wasanii waliokuwa wakiishi humo wakaiaga kwa maonyesho, watu wakamiminika, na mwenye nyumba akabadili mawazo. Ikafunguliwa 2013 kama mkahawa na ukumbi. Watu wale wale wakaanzisha nyumba ya wageni ambayo haina bafu lake: mgeni anapewa tiketi aende kuoga kwenye bafu la mtaa.

Bafu la mtaa nililijaribu, yeni 550, bei inayopangwa na serikali ya jiji. Wanaume mlango wao, wanawake wao, na ndani hakuna nguo. Mtu wa Tanga kuoga uchi mbele ya wazee ni mtihani. Unajisugua kwanza umekaa kwenye kigoda, ndipo uingie majini, na maji ni moto wa kuchemshia viazi. Wazee walinitazama mara moja, wakaridhika kwamba nimejisugua, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Dada alinisubiri nje na kitabu chake, akasema kuna utafiti ambao yeye haufanyi.

Na mtaa huu haukujulikana wenyewe. Mwaka 1984 akina mama wachache wa huku, Mori Mayumi akiwa mmojawapo, walianzisha jarida dogo la mtaa, wakiwa na watoto wadogo mgongoni, wakienda mlango kwa mlango kuwahoji wazee: nani alioka nini, kisima kilikuwa wapi, moto ulifika nyumba ipi. Lilidumu hadi 2009, na jina Yanesen, linalounganisha Yanaka, Nezu na Sendagi, lilienea kwa kazi yao. Nafikiri kabla ya mtaalamu yeyote wa uhifadhi kufika, walikuwa wamekwisha kuandaa nusu ya jalada.

Ubishi wetu uliishia darasani. Dada alinyoosha mkono akauliza moja kwa moja: je, sheria yenu haina namna ya kukiacha kichochoro kikiwa kichochoro? Mkufunzi akatabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo wiki nzima. Ipo, akasema. Ibara ile ile ya mita mbili kutoka katikati, kifungu kidogo kinachofuata, kinaruhusu njia ibaki hata na mita 2.7 pale mazingira yanapodai, na Kyoto wamekitumia kwa mitaa ya Gion. Lakini hakitolewi bure. Lazima kuwe na masharti mengine ya kuzuia moto, ya kuta, ya njia za kukimbilia, na ili yafanye kazi wakaazi wenyewe wakubaliane nayo, nyumba kwa nyumba. Ni mikutano mingi sana, akatuonya.

"Mikutano si tatizo kwetu," dada akajibu, huku anaandika namba ya ibara. "Tatizo ni kuwapata watu wabaki mpaka ajenda ya mwisho."